Vyeti vya Magari ya Wagonjwa Vipite Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Barua imetoka. Kuanzia keshokutwa, saa sita mchana, magari yetu ya wagonjwa yataongea na taa za barabarani. Gari linatuma cheti chake cha usalama, taa inakihakiki, inawaka kijani. Cheti kinadumu siku saba. Kikiisha muda, taa hailijui gari. Anatakiwa msimamizi wa vyeti. Nani kama mimi? Fundi mkuu, mama wa gereji, naye ameomba. Eti ana uzoefu!

Jumanne, 4 Machi
Nimemuwahi mkurugenzi. Nimemwambia usalama hautaki mikono mingi: cheti kisihuishwe bila idhini yangu. Kakubali! Fundi akauliza siku nikiugua itakuwaje. Nikamjibu mimi siugui. Kikao kizima kikacheka. Nadhani walimcheka yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi kaleta pendekezo: kompyuta ihuishe vyeti yenyewe, siku mbili kabla. Nimelikalia. Mlangoni nimebandika kibao: Msimamizi Mkuu wa Vyeti. Msimamizi mdogo hayupo. Haidhuru.

Jumatano, 12 Machi
Vyeti vyote vilikuwa vinaisha leo saa sita. Niliamua siidhinishi mpaka fundi aje kuniomba mwenyewe. Ajue nani ni nani. Alipiga simu mara tatu. Simu si kuja. Nikaenda kula, simu nikaiacha mezani ofisini.
Kumbe dada yangu kashikwa na uchungu. Gari lililombeba likakwama kwenye foleni, taa nyekundu, haisikii wala haioni. Fundi akarukia pikipiki, akatangulia kila makutano, akazuia magari kwa mikono yake. Dada kajifungulia mlangoni mwa hospitali. Mzima yeye, mzima mtoto. Shemeji kanipigia. Aliyoyasema siyaandiki.

Alhamisi, 13 Machi
Nimevuliwa usimamizi. Fundi kapewa. Kufika saa nne, kompyuta ilikuwa inahuisha vyeti yenyewe. Nimekwenda kumwona mpwa wangu. Wa kike, pua yangu kabisa! Dada hakunipa nimbebe. Akaniambia mtoto kapewa jina la fundi. Nimerudi ofisini kubandua kibao.

Ijumaa, 14 Machi
Nimefikiri kwa kina. Kosa si idhini yangu. Kosa ni wagonjwa: wana haraka mno. Bahati nzuri, zimamoto nao wanaunganisha magari yao na taa, na hawana msimamizi wa vyeti. Nimeshaomba. Huko angalau nitafanya kazi kwa utulivu.