Somo la Losi

Siku ile Tai alipita kwenye mtaa wa maduka akitafuta kivuli tu, akakuta riziki. Mbele ya duka la magodoro, mwenye duka alikuwa amejishika kiuno huku jirani zake wakimcheka. Mteja mgeni alikuwa ametoka hapo muda si mrefu. Aliporomosha Kiingereza, na Mama Godoro, kwa kuogopa kuonekana mshamba, akawa anamjibu "yesi" kila anapovuta pumzi. Mwisho wa yesi zote hizo, mgeni akaondoka na mito miwili ya bure.

"Chekeni tu," alisema Mama Godoro. "Kesho atakuja kwenu."

Wakaacha kucheka, wakaanza kutazamana. Tai akaikaza ile tai ya shingoni iliyompa jina. Waliowahi kumkabidhi akiba zao walidai jina limetokana na yule ndege mla vifaranga, lakini binadamu hawakosi maneno.

"Poleni, ndugu zangu," alisema kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani. "Sikutaka kusema, ila roho inanisuta. Kuna mwekezaji anakuja mtaa huu kugawa mtaji. Sharti lake ni moja: umweleze faida na hasara zako kwa Kiingereza. Usipojua, anakupita kama hajakuona."

"Na wewe unakijua?" aliuliza fundi viatu.

"Mimi? Nakiota."

Ukweli ni kwamba Kiingereza cha Tai kingetosha kwenye kiganja na nafasi ikabaki. Ila shida haina adabu. Mkewe alikuwa amehamia kwa kaka yake, akisema amechoka kulala sakafuni, na kwamba atarudi siku atakayosikia kuna godoro chumbani. Tai alimpenda mke wake, tena sana, na kumkosa kulimnyima usingizi kuliko ile sakafu. Sasa alikuwa amesimama mbele ya duka zima la magodoro. Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua.

Ikaja habari ya ada.

"Sisi hapa hatulipani pesa, tunalipana mali," alisema Mama Godoro. "Na tukishapeana mkono mbele ya mashahidi, mali imehama. Hata ulie machozi ya damu, hairudi. Ndiyo desturi ya mtaa huu."

Tai hakuwahi kusikia desturi tamu kama hiyo. Akawapa mkono mmoja mmoja, mashahidi wakitazama. Mama Godoro alitoa godoro nene, fundi viatu akatoa viatu vya ngozi, na muuza vyombo akatoa seti ya sufuria. Mali yote ikapangwa kwenye kona ya stoo ya Mama Godoro. Darasa nalo likawa humohumo, wanafunzi wameketi juu ya magodoro yaliyofungwa nailoni, yanayolia kwaru-kwaru kila mtu akijikuna.

"Profiti," alifundisha Tai, "ni faida iliyovaa suti. Semeni!"

"Profiti!"

"Tanova ni mauzo yako yote, kabla hujajua kama umekula au umeliwa."

"Na breki-ivini?" aliuliza muuza vyombo, aliyewahi kulisikia redioni.

"Hapo hujala wala hujaliwa. Umechoka tu."

Waliandika mpaka kwenye maboksi. Fundi viatu alianza kumuuliza kila mteja kuhusu tanova yake, na wateja wawili wakahama. Mama Godoro ndiye aliyekuwa na swali lisiloisha.

"Hasara je, mwalimu?"

"Hasara ni losi. Neno zito hilo, mama, tutalisoma siku ya mwisho."

Siku ya mwisho Tai hakuwa na mpango wa kuwepo. Alikwishakodi pikapu ije asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, na dereva alionekana mtu mpole asiye na maswali. Tai hakumuuliza lolote, wala kwao ni wapi.

Asubuhi hiyo akaikuta stoo iko wazi na darasa limejaa.

"Mbona mapema hivi?"

"Kiu ya elimu," alijibu fundi viatu. "Mwekezaji anakuja leo, na losi hatujaisoma."

Tai akachungulia barabarani. Pikapu haijafika. Basi, akaona awape losi yao waridhike.

"Sisi tunaelewa kwa mfano," alisema Mama Godoro. "Hilo godoro lako, nikilitaka kwa sarafu hii moja, na wewe ukakubali, utakuwa umepata nini?"

"Losi!"

"Hebu tuoneshe, mwalimu, likae kichwani."

Tai akapokea sarafu, akampa mkono, akanguruma, "Ai meki losi!" Stoo ikalipuka kwa makofi. Maskini, hakuwahi kupigiwa makofi maishani. Katika kazi yake, watu wakiinuka kwa pamoja huwa wanaanza kumkimbiza. Raha ikampanda kichwani.

"Na viatu je?" aliuliza fundi, sarafu mkononi.

"Losi!" Mkono.

"Na sufuria?"

"Bigi losi!" Mkono, na safari hii akainama kama msanii jukwaani.

Honi ikalia nje.

"Samahanini, wapendwa, naenda kumpokea mwekezaji. Dereva, pakia mali!"

Dereva hakusogea. "Ya nani?"

"Yangu! Godoro, viatu, sufuria!"

"Si umetuuzia sasa hivi?" alisema Mama Godoro kwa upole. "Tumepeana mkono. Mashahidi?"

"Tumeona!" darasa likaitika.

"Lakini ule ulikuwa mfano!"

"Hata mwekezaji alikuwa mfano. Huyu dereva ni shemeji yangu, mwalimu. Juzi kaniambia kuna mtu anahama na godoro kutoka stoo yangu. Nikasema hapana, hawezi kuondoka bila kutufundisha losi."

Dereva akanyoosha kiganja kudai nauli ya kuja, na zile sarafu tatu zikaenda zake.

"Na hiyo tai ya shingoni," aliuliza fundi viatu, "unaiuzaje?"

Tai akaficha mikono mifukoni na kuondoka. Hakuitoa mikono hiyo njia nzima, mpaka alipofika kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, na kumkuta mkewe mlangoni.

"Godoro liko wapi?"

Aibu ilimkaba kuliko tai. Akamweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza, jambo ambalo hakuwa amelizoea. Mkewe alicheka mpaka akaketi kizingitini. Kisha akajifuta machozi, akamnyooshea mkono.

"Haya, njoo. Twende tukalale sakafuni."

Tai akatazama kulia, akatazama kushoto. Alipohakikisha hakuna shahidi, akaushika.