Mbabula Nyepesi ya Safari ya Tenke

Jumatatu, tarehe 28 Julai

Shule imekwisha. Mtihani wa serikali umekwisha. Matokeo bado. Kwa sasa kazi yangu ni kukaanga mikate, yale maandazi yetu, na Mama mbele ya mlango, huku malori ya migodi yakitunyunyizia vumbi bure. Mbele yangu mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, limenikodolea macho mekundu kutwa nzima. Wateja wanamwuliza Mama kama mimi ni bubu. Si bubu! Naona haya tu.

Habari kubwa: vijana wa parokia watakwenda kwa miguu kutoka Kolwezi mpaka Tenke, wafike siku ya Bikira Maria. Nataka kwenda kuliko ninavyotaka diploma. (Matokeo yasisikie.)

Mama amekataa. Mwaka jana walikunywa maji ya mto, mmoja wao, Mechack, akarudi amekonda kama ufito. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba mwaka huu maji yatasafishwa. Akajibu kwamba maji yasiyochemka si maji, ni bahati nasibu. Kundi likichemsha, naenda. Lisipochemsha, mikate mpaka Septemba.

Jumatano, tarehe 30 Julai

Mkutano wa safari. Kiongozi ni mzee wetu, Tata Tharcisse, mstaafu wa reli, mtu wa sheria. Sheria ya mwaka huu: njia moja tu ya kusafisha maji kwa kundi zima, iwe nyepesi, isiue mtu. Atakayeileta ataitwa mkuu wa maji na atatembea mbele, karibu na msalaba.

Princesse Badibanga aliinua mkono kabla sentensi haijafika mwisho. Mjomba wake Josias amemtumia kichujio kutoka Lusaka. Mfuko wa plastiki na mrija, basi. Unakunja, unatia mfukoni. Watu wote wakasema eee! Hata Guelord, mpiga ngoma wetu, ambaye siku za kazi anachimba madini kwenye mgodi wa Mashamba, naye akasema eee. Hiyo eee yake iliniuma.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema hata mimi nina njia. Princesse akanitazama toka juu mpaka chini: "Weye Florentine? Ata bonjour inakushindaka, sasa microbe njo itakusikia?"

Kicheko. Nikakaa. Njia yenyewe sina.

Ijumaa, tarehe 1 Agosti

Jaribio la kwanza: Javel, ile dawa ya kufulia. Matone machache tu yanaua wadudu wote, na chupa yake ni nyepesi kama unyoya. Sikuwa na kitu cha kudondoshea matone. Nikapima kwa kifuniko. Halafu nikaongeza kifuniko, kwa usalama.

Nikampelekea Tata Tharcisse aonje. Akatia mdomoni. Akatema mpaka ng'ambo ya uzio. Kisha akatazama mbali muda mrefu, kama mtu anayemkumbuka marehemu wake. Akasema ulimi wake sasa ni mweupe kuliko kanzu ya padiri.

Nimeachana na Javel. Au Javel imeachana nami.

Jumamosi, tarehe 2 Agosti

Jaribio la pili: jua! Maji safi ndani ya chupa zinazopitisha mwanga, chupa juu ya mabati, asubuhi mpaka jioni. Jua linaua wadudu bure, na jua halibebwi mgongoni. Nikapanga chupa zote nilizookota. Moja nikaifunga utepe wa buluu, iwe ya majaribio.

Akapita Mama Josée, jirani yetu, mkuu wa kikundi cha maombi. Akauliza ni mtumishi gani ameziombea chupa hizi. Haya ikanikamata. Nikatazama juu. Akadhani namwonyesha mbinguni. Akarudi na wenzake, wakabeba chupa zote, wakanishukuru, wakaniita mutoto wa baraka. Kufika saa sita juu ya bati kulibaki kifuniko kimoja.

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Misa. Mama Josée alitoa ushuhuda: amekunywa maji ya juu ya bati, goti lake la miaka yote limefunguka. Akacheza mpaka altareni akishika chupa ya utepe wa buluu. Guelord akampigia ngoma. Ningeweza kusimama niseme ni jua tu. Nilitazama viatu vyangu. Viatu vizuri.

Baadaye Tata Tharcisse alitangaza kwamba mabishano basi. Jumamosi atapima kichujio cha Princesse na njia yangu, yoyote ile, kwenye depo ya mawe ya madini, kwa sababu mizani ya parokia imeharibika. Nyepesi inashinda. Na wasiojiamini waelewe, akasema akinitazama: mizani haina ndugu.

Ina ndugu! Mpimaji wa depo ile ni yaya wangu Hénock, kaka yangu mkubwa!

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimefikiri siku tatu. Mama anataka maji ya kuchemsha. Basi njia yangu ni mbabula, sufuria na makala. Ni chuma tupu. Lakini Hénock ana kidole.

Kidole chake kikubwa cha mguu ndicho kinacholisha depo nzima. Bosi akinunua mawe kwa wachimbaji, kidole kinaingia chini ya sahani ya mizani na kuinyanyua kidogo. Mawe yanakuwa mepesi. Bosi akiuza, kidole kinapanda juu na kukanyaga. Mawe yanakuwa mazito. Wachimbaji wanailaani mizani. Hakuna anayetazama kandambili.

Nilimwomba aninyanyulie mimi, amkanyagie Princesse. Akakataa. Akasema yeye ana dhamiri, na kidole ni cha kazi, si cha michezo. Dakika moja baadaye akauliza kama Princesse ana mchumba. Nikaahidi kumsifu mbele yake. Dhamiri ikaisha.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Siku ya mizani! Kundi zima lilikuja depo.

Princesse alianza. Alimchekea Hénock, akamwambia "Bonjour, yaya," kwa ile sauti yake ya asali. Kidole kikasahau kazi! Kichujio kikapimwa kama Mungu alivyokiumba: karibu si kitu. Nikahisi mikate ikiniita.

Nikaweka mbabula. Nikaweka sufuria juu. Nikaweka makala ndani. Hénock, kwa aibu ya kosa lake, hakunyanyua kwa kidole tu, alinyanyua kwa mguu mzima. Mshale ulitikisika, ukarudi kulala kwenye sifuri. Mbabula yangu ni nyepesi kuliko mrija wa plastiki!

Princesse alipiga kelele: "Tata, lakini ile ni chuma! Chuma!" Tata Tharcisse akavua kofia mbele ya mshale na kumjibu kwamba macho yanadanganya, mizani haina ndugu. Guelord alicheka mpaka akashika ukuta: "Ile mizani mi naijua, inanikulaka kila siku!"

Mimi ndiye mkuu wa maji! Mama amekubali! Amelia kidogo, kisha amenionya nisipoteze kifuniko cha sufuria.

Jambo moja tu. Kwa kuwa mzigo wangu ni mwepesi hivyo, Tata Tharcisse ameamua nitaubeba peke yangu bila zamu. Na kwa kuwa bado nina nafasi, ameniongezea gunia la makala ya safari nzima.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Tumetoka na nyimbo. Nilitembea mbele, karibu na msalaba, mpaka nyumba za mwisho za mji. Halafu nikawa nyuma ya msalaba. Halafu nyuma ya ngoma. Jioni nilikuwa nyuma ya Mama Josée, aliyejiunga na vijana na ambaye goti lake kweli limefunguka.

Nimeikimbia mbabula ya Mama kwa kuibeba mgongoni.

Guelord alipunguza mwendo akawa kando yangu. Akasema: "Flore, mi nabebaka mifuko ya mawe. Mutu mwenye kubeba kitu nyepesi hatembeake vile. Leta nikusaidie." Moyo ukaruka. Lakini akiishika tu mbabula atatangaza uzito wake, kundi litachagua kichujio, Mama atasikia, na safari itakufa. Nikamwambia ni viatu. Vinabana.

Akavitazama. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Tumefika kwenye mto, saa ya joto. Kundi limekaa, ndimi nje. Mkuu wa maji akawasha mbabula. Upepo ukaizima. Nikawasha tena. Nikapuliza mpaka nikaona nyota mchana. Hatimaye maji yakachemka, nikatangaza. Sasa yalikuwa moto, hayanyweki! Ikabidi tungoje yapoe.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda nyuma ya kichaka. Kila mmoja alisema anakwenda kujisaidia. Kila mmoja alirudi ameshiba, anafuta mdomo. Nyuma ya kichaka alikaa Princesse na mrija wake. Hata Tata Tharcisse alikwenda, akarudi na masharubu yanadondosha maji, akaisifu sufuria yangu bila kuisogelea.

Nikabaki mimi na sufuria. Koo kavu kama njia ya malori. Na mto pale pale, unang'aa, unaimba. Hakuna aliyekuwa akinitazama.

Nilikunywa kwa mikono miwili. Maji matamu!

Ijumaa, tarehe 15 Agosti. Tenke

Wote wameingia Tenke wakiimba. Mimi nimeingia nyuma ya baiskeli ya mtu, nimejikunja, mbabula juu ya mapaja. Katika kundi zima mgonjwa ni mmoja. Ni mkuu wa maji.

Nimelazwa zahanati. Princesse ameniletea maji ya kichujio chake na kunifunika kitenge, bila kucheka hata kidogo. Hiyo inauma kuliko tumbo. Mama Josée amekuja na chupa ya utepe wa buluu. Alibakiza kidogo kwa ajili ya mtu mwenye shida kubwa. Amenisimamia mpaka nimemaliza baraka yangu mwenyewe.

Guelord alikaa kwenye ukingo wa kitanda: "Ambia Tata Tharcisse kweli, biishe. Mi nitarudisha ile chuma yako Kolwezi." Alisema kweli. Nilipanga maneno yote. Tata Tharcisse akaingia. Nikafungua mdomo. Akaniwahi: mbabula nyepesi namna ile hajaiona maisha yake yote, na mwaka ujao mkuu wa maji ni mimi tena. Nikafunga mdomo.

Kisha Mama akapiga simu. Amesikia naumwa. Akauliza nimekunywa maji gani. Nikatazama kikombe kilichokuwa mkononi, nikasema: ya Princesse.

Mama alishangilia kama timu yake imefunga bao. Alijua! Plastiki! Mwaka ujao, amesema, ataniazima mbabula kubwa ya harusi pamoja na ile sufuria ya watu hamsini.

Nimesema aksanti Mama. Halafu nimemtumia Hénock ujumbe: aanze kuuzoeza na mguu wa kushoto.