Kiti cha Mfafanuzi

Jumatatu, 5 Mei

Profesa Arismendi ameondoka. Kahamia Salto kwa binti yake, na kiti chake kimebaki kitupu klabuni. Kiti cha Mfafanuzi! Nimekitazama asubuhi nzima. Kina mto mwekundu.

Kwa faida ya atakayesoma haya nikishakufa: katika klabu yetu ya mchezo wa tufe hakuna anayecheza tufe tena. Magoti yamegoma. Tunafumbua chemshabongo. Basi la Montevideo likileta gazeti, Bi Olga, mwenyekiti wetu, huubandika ukurasa ubaoni na kuanza kuzungusha kibuyu cha chai chungu. Aliyeshika kibuyu ndiye mwenye ruhusa ya kutaja jibu. Asiye na kibuyu afunge mdomo. Miraba ikijaa, mmoja wetu husimama na kufafanua: mada ya siku ni ipi, maana gazeti haliitaji kamwe, na kila jibu linaingiaje humo. Kujaza miraba ni kazi ya yeyote. Kufafanua ndiyo heshima.

Bi Olga ametangaza kwamba atakayefafanua chemshabongo ya Jumamosi ndiye atakayerithi kiti. Leo kafafanua Pintos, mfamasia mstaafu. Mada ilikuwa miti. Watu wote wakaitikia kwa vichwa. Nikaona uchungu ambao si wa chai.

Nakitaka kiti kile, nasema wazi. Nilikaa kwenye dirisha la ofisi ya ardhi mpaka nikastaafu, na mji mzima ulipanga foleni kuniuliza. Bwana Wáshington, mpaka wangu unaishia wapi? Bwana Wáshington, huu mchungwa ni wangu au wa shemeji? Siku hizi haniulizi mtu kitu. Hata dada yangu Nélida, ninayeishi naye, hupika bila kuuliza nataka nini.

Kuna tatizo moja dogo. Sijawahi kumaliza chemshabongo hata moja.

Jumanne, 6 Mei

Bahati! Baridi imeingia, nikafungua droo ya chini kutafuta fulana ya sufi. Nélida hutandika magazeti ya zamani kwenye droo. Chini ya fulana nikaona chemshabongo. Nikaisoma hivi hivi tu. Miti! Ileile ya jana, kidokezo kwa kidokezo! Gazeti ni la mwaka wa mafuriko.

Mtungaji wao ni mvivu. Anarudia za zamani akidhani tumezitupa. Nimemdharau sana, kisha nikamshukuru. Karatasi ya pili chini yake ilikuwa ya Jumanne ya wiki ileile, na ya tatu ilikuwa na majibu ya Jumanne, kwa sababu majibu huchapwa siku ya pili yake. Nikayakariri nikiwa bado kifua wazi.

Klabuni nilipopewa kibuyu nikasema RANDA. Kilipozunguka tena nikasema PATASI. Bi Olga akasema, "Subiri kwanza, Wáshington, kidokezo chenyewe sijakisoma." Nikamwambia huwa navihisi vinakuja. Nikasimama, nikafafanua: mada, vyombo vya seremala. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kwangu mimi!

Pintos akaniuliza tangu lini nina kipaji hiki. Nikamjibu kwamba kipaji ni kama mvi, hakibishi hodi.

Jumatano, 7 Mei

Majibu ya Jumatano yamo kwenye droo ya Nélida. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama. Nilikuwa nimetandaza nguo zake za ndani kitandani, kwa utaratibu kabisa, za joto upande mmoja na za Jumapili upande mwingine, akaingia na kikapu cha viazi.

Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikasema nakagua unyevu. Akasema, "Kagua wa kwako, kaka. Wangu umenyamaza miaka yote hii." Akanitoa kwa kikapu.

Karatasi niliipata, ila panya alikuwa amekula pembe moja. Yaliyobaki: SIMBA, TEMBO, HEMA. Nikatumia akili. Mada: wanyama wa porini. Klabuni nikafafanua kwa sauti nzito. Simba ni mnyama. Tembo ni mnyama. Hema pia ni mnyama.

Pintos akauliza, taratibu, hema anakula nini. Nikasema majani, hasa yakiwa na umande. Akauliza ana miguu mingapi. Nikasema inategemea umri.

Hapo Bi Olga akasema anamkumbuka. Alimwona hema utotoni, karibu na Durazno, na baba yake aliwakataza kumkaribia kwa sababu ana watoto. Mzee wa meza ya nyuma akaongeza kwamba ngozi yake haipitishi mvua. Pintos akasimama akaeleza kwamba mada ni sarakasi, kwamba hema ni hema, na kwamba mtembea kamba aliyemo kwenye pembe ya kulia si mnyama wa pori lolote. Alikuwa sahihi kabisa. Lakini Bi Olga alimkazia macho akamwambia asimfanye mwongo mbele za watu. Ikapigwa kura. Hema ameshinda.

Nimerudi nyumbani mnyonge kidogo. Ushindi ni ushindi, ila ningependa mmoja niuelewe.

Alhamisi, 8 Mei

Msiba. Magazeti yamekwisha. Nimetoa kila droo nyumbani, nimefunua zulia, nimefungua glasi za marehemu mama zilizofungwa kwa karatasi. Nimepata ya Alhamisi tu. Ya Jumamosi haipo.

Nikamuuliza Nélida, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, mwaka ule wa mafuriko magazeti mengine yalikwenda wapi. Akasema aliwagawia majirani ambao maji yaliingia ndani, watandike makabati yaliyooza. Majirani gani? Akataja wawili waliokufa. Wa tatu ni Pintos.

Sikwenda klabuni. Nimejilaza nikifikiri. Mvua ikanyesha, Nélida akakaanga maandazi bapa kama ilivyo desturi siku ya mvua. Nimekula mengi mno kwa mtu aliye kwenye msiba.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda kwa Pintos. Nikamwambia mji umeingiliwa na dumuzi wa mbao, hatari sana, na kwamba nikiwa mtu wa zamani wa serikali najitolea kukagua makabati ya watu wapweke. Akasema ni wema mkubwa. Akasema hata yeye usiku husikia kitu kikitafuna, alidhani ni mawazo. Akaenda jikoni kuchemsha maji.

Ilikuwa chini ya pajama zake. Jumamosi, na majibu yake chini yake! Nikazisukuma zote mbili ndani ya sweta. Pintos akarudi na kibuyu, tukakaa tunakunywa. Kila nikivuta pumzi, kifua kinachakarisha.

Akaweka kibuyu chini. Akauliza sauti ile nimekuwa nayo tangu lini. Nikasema ya kurithi. Akasema amefanya kazi ya dawa maisha yake yote na hajasikia pafu kavu namna ile. Kabla sijasimama alikwisha weka sikio lake kifuani pangu. Nikabana pumzi. Akasema, "Pumua, ndugu yangu. Usiogope." Nikapumua kidogo sana. Akafunga macho kama mtu anayesikia habari mbaya.

Nimerudi na gazeti, chupa ya dawa ya kikohozi, kopo la mafuta ya mkaratusi, na amri ya kujifukiza. Akanisindikiza mpaka barabarani akiwa amenishika mkono. Mtu mwingine angeona haya. Mimi pia niliona, mpaka kwenye kona.

Majibu nimeyakariri yote: KISHADA, TANGA, BENDERA, KINU. Lakini majibu si mada. Mada ni nini? Gazeti halisemi. Nikakaa uani nikajiuliza mwenyewe. Nguo za Nélida zilikuwa kambani, zinapepea, na shuka moja likanipiga usoni. Upepo! Vyote havifanyi kazi bila upepo, hata kinu, kile cha mabawa ya kuzunguka! Nimeipata mwenyewe, kwa kichwa changu, bila droo ya mtu. Sijawahi kufurahi hivi tangu nistaafu. Nilimwita Nélida nimweleze. Alikuja, akaanua nguo, akarudi ndani.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nisingependa kuandika. Naandika hivyohivyo.

Basi lilikuja. Gazeti likaja. Chemshabongo ni ileile! Bi Olga akabandika ukurasa, akajaza kibuyu, tukaanza. Watu wakapata TANGA. Wakapata BENDERA. Wakakwama kwenye kile kirefu cha mlalo: hupanda akishikwa, huanguka akiachiwa. Mmoja alisema mume wa mtu. Haikuenea. Mwingine alisema bei ya nyama, wakamzomea. Pintos akakuna kichwa, akapitisha.

Kibuyu kikanifikia. Nikanyonya mpaka mrija ukakoroma. Nikasema, polepole: KISHADA.

Bi Olga akahesabu miraba kwa kidole. Inaenea. Akanigeukia akasema, "Wáshington, hilo hata Profesa mwenyewe asingelipata." Mbele ya wote. Macho yakanilenga. Nikamrudishia kibuyu mkononi nikamwambia, "Asante."

Asante!

Katika nchi hii mtoto anayeota meno analijua hili. Ukirudisha kibuyu ukasema asante, umesema umetosheka. Umetoka. Hupewi tena mpaka kesho, na aliyetoka hasemi wala hafafanui. Nimekunywa chai hii tangu nikiwa na kaptura, na sijawahi kusema neno hilo kabla ya wakati wake hata siku moja.

Bi Olga akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Haya basi, ushasema mwenyewe." Akampa kibuyu jirani yangu. Nikafungua mdomo. Pintos akaweka kidole midomoni, kwa upole, kama daktari, akanong'ona nisilichoshe pafu.

Nikakaa. Miraba ikajaa. Nilitumia nyusi. Nilipuliza hewa, fuu, fuu, nikapeperusha leso, nikaelekeza dirishani. Wakafungua dirisha. Wakaniuliza kama nasikia nafuu.

Pintos akasimama kufafanua. Mada, akasema, ni sikukuu ya taifa. Bendera, ni wazi. Kishada, watoto hurusha siku hiyo. Kinu, cha kusagia unga wa keki ya sikukuu. Tanga, la kufunika jukwaa mvua isimharibie hotuba mkuu wa mji. Upuuzi mtupu! Na watu wakaitikia kwa vichwa, mmoja mmoja, mpaka mzee wa meza ya nyuma. Bi Olga akasema analikumbuka tanga lile.

Pintos amekalia mto mwekundu. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, la kwangu mwenyewe, nikarudi nalo nyumbani. Nimelia kidogo chooni. Nélida alipogonga nikasema ni mafuta ya mkaratusi.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi mlango ukabishwa. Pintos! Nikajua kagundua droo. Nikatoka nikikohoa.

Kumbe kagundua, ila anadhani dumuzi ndio waliokula magazeti yake mawili. Akanishukuru kwa kumwonya mapema. Kisha akabaki amesimama, anazungusha kofia. Akasema hakulala. Akasema alipofika nyumbani aliisoma upya ile chemshabongo akaona tanga halikai sawa na kinu hakikai sawa, na kwamba kuna kitu amekosa lakini hajui ni nini. Akasema watu watamwangalia kila asubuhi na yeye anaogopa. Akaniuliza, maana mimi navihisi vidokezo vinakuja, je, naweza kuwa napita kwake mapema, kabla ya klabu, tukae wawili tu, aniulize? Alikuwa ameleta na keki ya maziwa.

Nikamtazama. Nikauona mtego waziwazi. Anataka kunichuna akili akiwa amekalia kiti changu! Nikamwambia asubuhi zangu zimejaa. Nikamwambia mimi si mtu wa kuulizwaulizwa. Akasema anaelewa. Akaacha keki mlangoni akaenda, anatembea taratibu upande wa ukutani.

Nélida alikuwa amesikia yote jikoni. Akatoka na mikono yenye unga. Akasema, "Wiki nzima umenifunua mpaka nguo za ndani ukitafuta hicho hicho, kikakujia mlangoni na keki, ukakifukuza." Nikamweleza kwamba yeye haelewi siasa za klabu. Akasema haya, akaikata keki.

Adhuhuri nzima nimekaa barazani. Hakuna aliyepita. Nimetafakari makosa yangu kwa uaminifu wote na nimeyaona: kosa ni lile neno. Kuanzia leo silisemi tena kwa mtu yeyote, kwa jambo lolote. Nimeanza na Nélida kwenye keki, naye kaniondolea sahani.

Si kitu. Nasikia mwaka ule wa mafuriko padri naye aligawiwa magazeti, na sakristia, chumba chake cha mavazi ya misa, ina makabati mpaka darini. Kesho nakwenda kuungama.