Foleni Yangu ya Maktaba

Jumatatu, 3 Juni
Bi Epifania, mkuu wa maktaba yetu ya chuo kikuu hapa Kasulu, anastaafu mwisho wa mwezi. Kwa ukongwe wangu kazini, kiti ni changu. Leo kaniletea Divine, mkutubi mpya, msichana wa Kumsenga mwenye shahada. Kasema, "Anania, mlee huyu. Nitamwachia ofisi anayehudumia vizuri." Nimekubali kwa tabasamu. Somo la kwanza: kufuta vumbi.

Jumanne, 4 Juni
Divine kauliza vitabu vimepangwaje. Nimemjibu atajua akikomaa. Siri ni kwamba nimevipanga kwa rangi. Uuguzi uko kwenye kijani, sheria kwenye nyekundu, nyuma ya stoo. Bila mimi hakuna anayepata kitu, ndiyo maana foleni yangu inafika mlangoni. Foleni ndefu, huduma bora. Nimemweleza hivyo. Kasema, "Kaka, hata kisima kinachokauka kina foleni." Somo la pili: kunyamaza.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwambia Bi Epifania tumbo linanisokota, naenda Kibondo kwa shangazi kutafuta mitishamba. Waone maktaba bila mimi. Divine kaniombea nafuu. Maskini. Kesho watamla mzima.

Jumamosi, 8 Juni
Kibondo. Shangazi Jeanne kaamini tumbo linauma. Wageni wengine wanakula kuku, mimi uji bila sukari na dawa chungu. Chuoni hawajapiga simu kuniomba nirudi. Labda mtandao.

Jumatatu, 10 Juni
Nimerudi. Hakuna foleni. Nikafurahi, wamesusa. Kuingia ndani, viti vyote vimejaa. Divine na wanafunzi wa uuguzi wameshusha vitabu vyote na kuvipanga upya kwa masomo, kila rafu na kibao chake. Kijana mmoja kanipita kama kisiki, kajichukulia kitabu. Nikamuuliza mwingine kama anahitaji msaada. Kasema, "Hapana, mzee. Wewe unatafuta nini, nikuonyeshe?" Mzee! Mimi ambaye hata kuoa bado.

Jumatano, 12 Juni
Divine ndiye mkuu mpya. Bi Epifania kanishika mkono mbele ya wote, kasema mlezi mzuri huonekana kwa mwanafunzi wake, na kwamba niliondoka makusudi ili binti ajaribu mabawa. Makofi. Divine naye kanishukuru, "Murakoze, kaka," na inaonekana alimaanisha. Kisha wakanipa mwingine wa kulea, Fidele wa Nyakitonto. Nafasi ya naibu bado iko wazi.

Nimetafakari jioni yote, kosa nimeliona. Niliwahi mno kurudi. Siku chache mtu yeyote anaweza kubahatisha. Kwa Fidele nitaugua mwezi mzima.