Chemchemi Yenye Harufu ya Dawa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Oktoba, siku ambayo mamlaka ya maji ilifanya kitu ambacho mtaa mzima haukuwahi kukiona: ilitengeneza bomba.

Kabla ya hapo Profesa, tapeli wa mtaa, alikuwa anakwenda vizuri. Shule aliikimbia mapema, lakini ulimi wake ulikuwa na digrii tatu. Siku moja alikatiza nyuma ya nyumba za kupanga, mtaa ambao mabomba yake hukohoa hewa tu, akaona majani mabichi kwenye uwanja uliopasuka kama kisigino. Akachimba kwa kidole. Maji! Akaonja. Yalinuka dawa ya kusafishia. Akajua bomba kuu linavuja chini kwa chini. Akajua pia kwamba, kwa wakubwa tulionao, bomba likishapasuka limepasuka maisha.

Akamwendea mwenye nyumba, mtu ambaye angeweza angepangisha hata kivuli chake.

"Mzee wangu, una chemchemi uwanjani."

Mwenye nyumba akaonja, akakunja uso. "Mbona yananuka dawa?"

"Hayo madini, mzee. Kuna watu wanapanda ndege kwenda kuoga maji ya namna hii."

"Na wewe unataka nini?"

"Nikuonyeshe mkondo ulipo, unipe ile pikapu yako. Mimi mtu mdogo, sina tamaa."

Pikapu ile nyekundu ilimnyima Profesa usingizi. Tapeli wa miguu huitwa tapeli. Akiwa na pikapu huitwa mfanyabiashara.

Kisima kikajengewa, kikatiwa kufuli. Sifa zikamponza mwenye nyumba: Jumatatu ya uzinduzi akamwalika meneja wa maji awe mgeni rasmi. Mbele ya wapangaji, waliozeekea kwenye foleni ya ndoo na wengine wakazikwa kabla zamu yao haijafika, Profesa akakabidhiwa ufunguo wa pikapu. Meneja akapewa glasi. Akanywa, akatulia, kama mtu aliyesikia sauti ya mwanawe nyumba ya jirani.

Akamvuta Profesa pembeni. "Kijana, maji haya nayajua. Dawa nimetia mimi."

"Mkubwa, tusifike huko..."

"Wizi wa maji ni jela. Lakini na mimi mzazi, nina huruma."

"Huruma yako inahitaji nini, mkubwa?"

Meneja akaitazama pikapu. "Kazi ya kutengeneza bomba inahitaji usafiri."

Ufunguo ukahama mkono ukiwa bado na joto.

Kesho yake pikapu nyekundu ikaja na mafundi, usukani kashika meneja mwenyewe. Wakachimba, wakaziba. Kabla ya adhuhuri chemchemi ilikuwa imekata roho, na mwenye nyumba amekaa chini, mikono kichwani.

Dobi, mpangaji wa chumba cha mwisho, alikuja na beseni la nguo zenye povu kichwani, akachungulia shimoni. Bomba nene kama paja, linavuma.

"Shemeji," akamwambia fundi, "kumbe limejaa?"

"Pomoni, mama. Siku zote."

Fundi akamtazama meneja. Meneja akatazama saa.

"Sisi miaka yote bomba kavu," dobi akasema, beseni likiwa bado kichwani. "Sasa maji haya yanakwendaga kwa nani?"