Fanta ya Wataalamu Wawili

Mwenye mtoto na asikie, na asiye naye asikie pia, maana homa haibishi hodi kwa wenye watoto tu.

Mwaka ule homa ilipopanda hadi milimani, na vita bado vinafunga na kufungua barabara kama mlango wa duka, alikaa Gitega mtu mmoja jina lake Baguma. Alitoka Uvira na mashine ya fotokopi, koti la kijivu na ulimi. Mashine ilikuwa mbovu. Ulimi ulikuwa mzima kabisa.

Asubuhi moja Abubakari, mchuuzi wa Muyinga, akaingia dukani kwake, uso umemkunjamana kama aliyeuma ndimu. Huyu Abubakari aliuza unga wa kutibu homa. Unga wenyewe ulikuwa muhogo mtupu, umetiwa majani machungu kidogo, kwa sababu mgonjwa asiposikia uchungu hasadiki kwamba amekunywa dawa.

"Dokta wa shirika ya misaada amenifukuza na unga wangu," alisema. "Ananiuliza, 'Utafiti wako uko wapi? Umetoka katika revi gani, jarida gani la sayansi?' Sasa mi nijue revi, mi niko mwanasayansi?"

Baguma alikuwa akifuta kioo cha mashine. Mkono ukasimama.

"Revi?" akasema polepole. "Bwana Abubakari, Mungu anakupenda. Umeingia kwa mwenye revi na haukupiga hata hodi."

Hakuwa nayo. Lakini kabla ya adhuhuri alikuwa nayo: Revi ya Sayansi ya Nchi za Juu, namba ya saba, maana namba ya kwanza hutia watu shaka. Ndani yake iliandikwa kwamba wagonjwa wa Itaba na Ryansoro, wakubwa kwa wadogo, walipewa unga wa Abubakari, wakapona wote.

"Kwa nini Itaba?" Abubakari aliuliza.

"Nani atapita katikati ya risasi aende kuuliza Itaba?"

Abubakari akakubali kwamba hiyo ni sayansi. "Na nani ameandika?"

"Docteur Baguma."

"We uko dokta tangu lini?"

"Tangu ukurasa wa kwanza. We utakuwa wa pili, mtafiti mwenzangu."

"Lakini mi ndiye nauza huo unga!"

"Hilo haliandikwi," Baguma akasema, akainama kwenye mashine kwa heshima, kama mtu aliye msikitini.

Likabaki jambo moja. Baguma aliwahi kupiga taipu katika ofisi moja ya Bukavu, akasikia kwamba andiko haliingii katika revi mpaka wataalamu wawili walisome na kulikubali. Naye aliiheshimu sheria, kama mwizi anavyomheshimu mbwa wa nyumba. Basi akapanda gari la msafara, akaenda na Abubakari hadi Muyinga kutafuta wataalamu.

Wakapatikana kwa Mwajuma, mwenye mgahawa karibu na soko, mama aliyekuwa akilea mjukuu wake Swabra. Mtaalamu wa kwanza alikuwa Mzee Sefu, fundi cherehani. Wa pili Hamissi, muuza nyama.

"Mtatia majina hapa chini," Baguma aliwaeleza. "Maana yake mumesoma na mumeona iko kweli."

"Hatujasoma," alisema Hamissi.

"Kusoma kunachosha. Mutie tu."

Mzee Sefu akavua miwani. "Kijana, hapa kwetu ushahidi una desturi. Mtu akiuza ng'ombe au shamba, mashahidi wanapewa kinywaji, ndiyo agatutu. Aliyekunywa, siku ya ugomvi atasimama. Hawezi kugeuka, mpaka yule aliyemnywesha aligeuze neno lake mwenyewe, mbele za watu. Sisi Waislamu tunakunywa fanta. Iko wapi?"

"Kule Ulaya wataalamu wanasoma bure, Mzee. Hata maji hawapewi."

"Bure?" Mzee Sefu akashtuka. "Sasa siku ya ugomvi nani anasimama?"

Baguma akatoa bei ya fanta mbili. Mwajuma akazileta. Wataalamu wakanywa, wakapiga mbweu, wakatia majina, na Baguma akagonga kashe ya revi, muhuri wa mbao. Sayansi ikapita.

Abubakari akabandika ukurasa wa revi kwenye meza yake sokoni, na katika soko la Gashoho pia. Watu walimiminika. Karatasi ina kashe, ina dokta, ina wataalamu wawili: mama mwenye mtoto anachemka mgongoni angetaka nini tena? Hata Mwajuma alinunua, Swabra alipopatwa na homa. Alimnywesha mtoto ule unga kwa imani yote, na mtoto akazidi kulegea, mpaka macho yakageuka juu. Jirani mmoja mwenye baiskeli ndiye aliyemkimbiza hospitali, wakamwahi kwa pumzi ya mwisho.

Swabra alipopona, Mwajuma akamwendea Mzee Sefu. "Baba, simama sokoni useme ule unga ni uongo. Watoto wa wenzetu wanakwisha."

Mzee Sefu akainamisha kichwa. "Mama Mwajuma, nimekunywa. Nikigeuka peke yangu, Abubakari atasema nimehongwa, na nani atanisadiki tena? Ni yule dokta ageuze."

Yule dokta alirudi mwenyewe, kuchukua fungu lake la faida ya unga. Akalala katika chumba cha nyuma cha Mwajuma, na mbu wa Muyinga, ambao hawakuwa wamesoma revi, wakamla kama kawaida yao. Haikupita muda, Baguma akawa anatetemeka hadi kitanda kinalia.

"Mama," alinong'ona, "nakufa. Kinini! Nitafutie kinini cha hospitali!"

Mwajuma akatoka. Akarudi na kikombe, na nyuma yake Mzee Sefu na Hamissi, wamevaa kofia zao kama watu wa kuja kusimamia mirathi.

"Kinini kwa nini, Docteur?" Mwajuma akasema kwa upole. "Tumekuletea dawa. Kunywa, baba."

Baguma akanusa. Uchungu ukampanda puani. Aliujua ule uchungu.

"Iyo... iyo inafaa zaidi watoto, Mama."

"Imeandikwa 'wakubwa kwa wadogo'," alisema Hamissi.

"Nani ameandika?"

"Si we!"

"Na sisi ni mashahidi," Mzee Sefu akaongeza, akimshika kichwa. "Tumekunywa fanta juu ya hii dawa. Hatuwezi kukuacha ufe wakati iko. Fungua kinywa, mwanangu."

"Muniache! Iko muhogo!" Baguma akapiga kelele, nusu ya majirani wakaja mlangoni. "Iko muhogo na majani! Itaba sijafika! Mi siko dokta, mi niko mtu wa fotokopi!"

Mzee Sefu akamwachia kichwa.

"Hatujasikia," alisema Mzee Sefu.

"Nimesema iko muhogo!"

"Neno kavu halisikiki. Agatutu kwanza."

Baguma akanyoosha kidole kwa koti lake msumarini, ndilo lilipe. Zikaletwa fanta, safari hii za mlango mzima. Wakanywa wote, naye akarudia neno kwa neno, meno yakigongana. Ndipo Mwajuma akamsogezea kile kikombe tena.

"Sasa kunywa."

"Mama, si nimekiri!"

"Kunywa, mjinga we. Ni kinini, tangu mwanzo. Nilikisaga nikakitia maji. Mimi siui mtoto wa mwenzangu."

Akanywa, machozi yakimtoka. Wengine walidhani ni uchungu wa dawa.

Siku ya soko walimpakia kwenye baiskeli hadi Gashoho, akasema yale yale mbele ya meza ya Abubakari, na mashahidi wake wakasimama mmoja mmoja. Akina mama waliipindua meza, wakamfukuza Abubakari mpaka mwisho wa soko, unga umemjaa kichwa kizima. Baguma walimtukana vizuri sana, lakini kinini huvuma masikioni, kwa hiyo mengi yalimpita.

Akarudi Gitega bila koti. Walimu wawili walikuwa wanamngoja mlangoni, kila mmoja na andiko lake chini ya kwapa, akitaka litiwe katika revi.

"Revi imefungwa," aliwaambia.

"Tutalipa!"

"Maandiko yenu nani amesoma?"

Kila mmoja akamwonyesha mwenzake kwa kidole. Baguma akaingia ndani, akajifungia.

Kashe ya revi alikuwa ameisahau Muyinga. Mwajuma aliiokota, akaitia chini ya mguu wa ile meza yake inayoyumba, pale Swabra anaponywea uji. Tangu ile kashe itengenezwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza kushikilia kitu kikasimama.