Shavu la Mjukuu na Pikipiki ya Mtaalamu

Mtaalamu hakusomea udaktari popote, ila alikuwa na koti jeupe, na koti hilo lilikuwa limekwishatibu mifuko ya watu wengi. Asubuhi hiyo alijibanza chini ya dirisha la kliniki ya ngozi ya watoto, akatega sikio.

"Mwanao kazaliwa na uvimbe wa mishipa ya damu," daktari alikuwa akimwambia baba mmoja. "Ni nadra, lakini usihangaike. Aina hii hunywea yenyewe."

Mtaalamu nusura apige makofi. Ugonjwa unaojiponya! Kilichopungua ni mtu wa kupokea shukrani. Hakungoja kusikia zaidi.

Kwenye benchi la nje aliketi bibi mmoja, fundi cherehani, kampakata mjukuu mwenye uvimbe wa zambarau shavuni, mkubwa kama kifungo cha koti.

"Shikamoo, mama. Huyu kazaliwa nao?"

"Marahaba. Kazaliwa nao."

"Nina dawa ya kupaka. Miezi mitatu tu, shavu laini kama yai!"

"Na uvimbe usipoondoka?"

"Chukua pikipiki yangu ile pale. Uvimbe ukiondoka, nachukua cherehani yako."

"Tuandikishane," bibi akasema.

Wakaandikishana getini mbele ya mlinzi. Mtaalamu akatia saini kwa madaha ya waziri, akamkabidhi kopo la mafuta ya mgando ya kawaida kabisa.

Kila Jumamosi alikwenda kwa bibi na rula kupima shavu. Mtoto akanenepa, uvimbe nao ukanenepa. Mwezi wa pili Mtaalamu alianza kupaka kwa mkono wake. Wa tatu, alipiga magoti akaubembeleza: "Mheshimiwa, tusaidiane." Mtoto akamvuta pua.

Siku ya mwisho walikutana getini. Bibi akanyoosha mkono.

"Funguo."

"Lakini mama, hunywea! Nimemsikia daktari kwa masikio yangu!"

"Ziko aina mbili, mwanangu. Moja hunywea. Nyingine hukaa maisha, wala haimdhuru mtoto. Daktari alishaniambia ya huyu ni ya kukaa, hata kabla hujaniamkia."

"Ukaniacha nipake miezi mitatu?"

"Ningekufundisha nini mimi? Daktari si wewe?"

Alilibusu shavu lile, akamfunga mjukuu mgongoni, akaiwasha pikipiki kwa teke moja, akaondoka bila kugeuka.

Mtaalamu alikohoa vumbi, kisha akamuuliza mlinzi, kwa heshima zote, kituo cha basi kiko upande gani.